Alkalini haipandishwi kwa mkupuo, jamani

Jamani kinachonichosha kwenye akwariamu ya matumbawe magumu sio kusugua vioo wala kubadilisha maji, ni hii alkalini, yaani kiasi cha kaboneti kwenye maji, leo unapima iko 8 dKH (digrii zinazopimia alkalini), keshokutwa 7, sababu matumbawe yanajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti za humohumo kwenye maji, na yakikua vizuri ndo yanakula zaidi, kwa hiyo dozi iliyotosha mwezi uliopita sasa hivi haitoshi. Hilo naelewa, ni viumbe hai.

Kinachoniudhi ni huu ushauri wa "imeshuka? mwaga poda ya kupandishia alkalini ipande leoleo". Hapana bwana! Akropora, haya matumbawe magumu ya matawi, hazitaki namba kubwa, zinataka namba isiyoyumba, 7.5 iliyotulia inazifaa kuliko 9 ya ghafla. Ukipandisha kwa mkupuo unaona vile vincha vinaungua, afu nyama inaanza kubanduka kuanzia chini kwenye shina, mfupa mweupe unabaki wazi, na tawi lililochukua miezi kuota linakwisha ndani ya siku chache. Inauma sana.

Na maji yakipungua kwa mvuke kuna watu wanajazia maji ya chumvi, wakati chumvi haiondoki na mvuke, imebaki palepale, kinachotakiwa ni maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa basi! Alkalini pandisheni taratibu, nusu digrii mpaka digrii moja kwa siku isizidi hapo, na pimeni saa ileile kila mara, maana kipimo cha asubuhi na cha usiku vinaweza kutofautiana.