Akidi ni ya Kumi, Sauti ni ya Nani?

Katika arusi ya Kiyahudi, Baraka Saba husomwa juu ya kikombe cha divai, maharusi wakiwa wamesimama chini ya kitambaa kilichotandwa juu ya nguzo nne. Familia nyingi huzigawa baraka hizo kama heshima: mjomba husoma moja, mwalimu wa bwana arusi nyingine, na kikombe hupita mkono kwa mkono. Miongoni mwa Wayahudi Waorthodoksi walio wengi, wale wanaoshika sheria ya mapokeo, mama wa bibi arusi, aliyesimama hatua moja tu kutoka hapo, hapewi kikombe hicho.

Wanaomnyima wana hoja. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mijadala ya sheria za Kiyahudi, katika sehemu yake iitwayo Ketuboti, inataka baraka hizi zisomwe mbele ya kumi, kwa mfano wa Boazi wa kitabu cha Ruthu aliyewaketisha wazee kumi wa mji, na kumi hao hufahamika kuwa wanaume. Asiyehesabiwa katika akidi, wanasema, hawezi kuisemea. Huongeza pia heshima ya kusanyiko, sababu ileile iliyowazuia wanawake kusoma Torati hadharani.

Hata hivyo, andiko hilo linataja idadi ya watakaohudhuria. Halisemi kwamba msomaji lazima awe mmoja wao. Mazoea nayo yamewahi kulegezwa kwa sababu ndogo kuliko hii. Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa zama za kati, aliandika kwamba baraka ya posa, ile inayotangulia Baraka Saba, husomwa na anayeposa mwenyewe au wakili wake, lakini baadaye ikazoeleka kumwachia mtu mwingine ili asiyejua kuisoma asiaibike. Ikiwa aibu ya bwana arusi mmoja ilitosha kuhamisha baraka kinywani mwake, sioni kwa nini heshima ya mama mzazi isipimwe kwa mizani hiyohiyo.

Linalonisumbua zaidi ni baraka ya saba yenyewe. Kwa maneno ya Yeremia, inaomba isikike katika miji ya Yuda na njia za Yerusalemu sauti ya bwana arusi na sauti ya bibi arusi. Ilhali katika ibada ya kimapokeo bibi arusi huipokea pete kimya, na sauti inayoiombea sauti yake ni ya mwanamume.

Baadhi ya marabi wa Kiorthodoksi hutafuta njia ya kati: mwanamume hutamka baraka kwa Kiebrania, na mwanamke husoma tafsiri yake, au hupewa kusoma ketuba, ule mkataba wa ndoa, kwa kuwa huo si baraka. Shangazi huukunjua mkataba, huusoma wote kwa sauti mbele ya kusanyiko lilelile, kisha hurudi nyuma ili mjomba akabidhiwe kikombe.