KIA, Kisongo na kiwanja cha Moshi: hela ya ndege tuipeleke wapi?

Kila ikifika bajeti ya uchukuzi huku kaskazini mjadala ni ule ule. Watu wa Arusha wanataka Kisongo, kiwanja chao cha ndege, ipanuliwe zaidi, sisi wa Moshi tunauliza mbona kiwanja chetu kimeachwa na vindege vya hapa na pale, halafu wapo wanaosema jamani KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ipo mnataka nini tena. Mimi ni mtoto wa Moshi, nimefanya kazi Arusha miaka kadhaa, na niseme mapema kabisa kwamba niko upande wa KIA, ila siungi mkono KIA ibaki ilivyo.

Tuanze na kwa nini uwanja uko pale porini Hai, sio Arusha wala Moshi. Ulifunguliwa 1971, wakati Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hesabu ilikuwa mtalii wa Serengeti na mpanda mlima washukie hapa hapa kwetu bila kupitia Nairobi, kwa hiyo ukawekwa katikati uhudumie miji yote miwili. Hesabu ilikuwa nzuri tu. Sasa 1977 Jumuiya ikavunjika, East African Airways nayo ikafa, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na uwanja wenye njia ya kurukia ya mita 3,600 ukabaki na ndege za kuhesabu. Kwahiyo anaesema KIA ilijengwa mahali pabaya mi naona anaionea, kilichokosekana miaka ile ni ndege, sio mahali.

Halafu hii miji haifanani na ndo maana haihitaji kitu kimoja. Moshi ilianza mbele, reli ya kutoka Tanga ilifika kwetu kabla ya vita vya kwanza vya dunia wakati Arusha ilisubiri mpaka 1929, na kahawa yetu na KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, tangu 1933 ndo vilivyosomesha wazee wetu. Ila kahawa inasafiri kwa meli, haijawahi kutegemea ndege. Arusha ikaja kuishi kwa watu wanaokuja na kuondoka: safari za mbugani, mikutano pale AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kuanzia 1995 mpaka 2015, Jumuiya mpya, Mahakama ya Afrika. Mji wa namna hiyo ukiuambia abiria wake aende karibu kilomita 50 ndo apate ndege, unaelewa kabisa kwa nini wanalalamika.

Na hoja yao ya Kisongo ina uzito, tusiibeze. Kutoka mjini ni dakika chache tu, mtu anawahi kikao Dar asubuhi na jioni yuko nyumbani, zile Caravan, vindege vidogo vya kwenda Seronera kule Serengeti na Manyara, ndo kwao pale, na ATR, ndege za kati za Dar na Zanzibar, zinatua. Hiyo biashara ya vindege vidogo ukiihamishia KIA unaiua, maana mgeni analala Arusha na mbugani ni upande wa magharibi, umpeleke mashariki saa nzima ndo arushwe kurudi alikotoka, haiingii akilini.

Ninapoachana nao ni pale wanapotaka Kisongo ipokee ndege kubwa. Kisongo iko karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, KIA haifiki 900. Juu kule hewa ni nyepesi, ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi ili iruke na mzigo wake kamili, na Kisongo hata kilomita mbili hazifiki wakati makazi yanazidi kusogea. Kuirefusha mpaka ifanane na KIA maana yake fidia za watu, muda, na hela nyingi ya kununua kitu ambacho tayari tunacho. Na kwa Moshi vivyo hivyo, najua ndugu zangu watanuna, ila kiwanja chetu kitunzwe kwa ndege ndogo na dharura za wagonjwa, kwa sababu ndege kubwa iko kilomita kama 40 tu kutoka kwetu.

Zamani angalau kulikuwa na kisingizio, KIA ilikuwa chini ya kampuni ya KADCO na Kisongo chini ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Tangu mwishoni mwa 2023 mwenye navyo ni mmoja, mamlaka hiyo hiyo, kwahiyo vipangwe kama kitu kimoja.

Sasa hela iende wapi? Mimi ningeanza na maua na mboga. Mashamba yako hapa hapa, Usa River na Tengeru, lakini mzigo mwingi unapakiwa kwenye malori ya baridi unapita Namanga kwenda kurushwa Nairobi. Wengine wanasema ni uzembe wetu, mi naona sio rahisi hivyo. Ua linataka ndege kila siku, na mzigo mwingi wa aina hiyo unapanda kwenye tumbo la ndege ya abiria, na abiria wetu ni wa msimu, mwezi wa nne na wa tano mvua ikikolea wageni wanapungua. Ndege ya kubeba mizigo peke yake nayo haiji kama haina cha kuleta. Nairobi ina ndege nyingi mwaka mzima, ndo inavyotushinda. Vyumba vya baridi peke yake havitoshi, lazima na tozo zishuke ili mashirika yaje hata kipindi cha mvua, na hapo serikali itapoteza mapato kwanza kabla ya kuyaona.

La pili ni usafiri wa kufika uwanjani, na hili linaniuma kabisa. Mama yangu mkubwa alitua KIA saa mbili usiku akitokea Dar kwenye matibabu, nje hakuna basi hata moja, na njia panda ya barabara kuu iko kilomita kadhaa. Teksi mpaka Majengo, Moshi, ikamgharimu kuliko nauli ya basi kutoka Dar mpaka Moshi. Coaster mbili tu zinazofuata ratiba ya ndege, moja ya Moshi moja ya Arusha, zingemaliza hiyo shida, na nusu ya kelele za Kisongo zingepungua. Mpaka leo ukimwambia apande ndege anakataa, anapanda basi la alfajiri Mbezi.