Nyundo ya paredini na simu ya bwenini

Msako wa simu haufanywi mchana. Katika shule ya bweni niliyofundisha kwa miaka kadhaa, tulikuwa tunaingia bwenini saa tano usiku, taa zimeshazimwa: walimu wanne, mlinzi mmoja na viranja wawili waliokwisha kuonywa wasitoboe siri. Usiku mmoja tulitoka na simu 11. Moja ilikuwa ndani ya mkate uliokatwa katikati, ukakombwa, kisha ukafunikwa vizuri kama haujaguswa. Nyingine ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa nailoni. Ya tatu tuliikuta darini ikichajiwa kwa nyaya mbili zilizokwanguliwa na kuchomekwa moja kwa moja kwenye holda ya balbu, juu ya vichwa vya watoto 40 waliolala kwenye magodoro ya sponji. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Jumatatu asubuhi, paredini, mwalimu wa nidhamu alizipanga juu ya tofali na kushika nyundo. Shule nzima ikawa inahesabu kwa sauti. Alipofika ya saba, kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: “Mwalimu, naomba laini tu.” Watu wakacheka. Nyundo ikashuka.

Nilikuwa nimesimama upande wa nyundo, na kwa sehemu kubwa bado naunga mkono kuwa mwanafunzi asikae na simu yake shuleni. Ila sababu tunazozitoa siku hizi nyingi ni za kuazima, na tulivyoazima hatukuangalia kama zinatutosha.

Ufaransa ilipitisha sheria Agosti 2018 kuzuia simu kwenye shule za msingi na za sekondari ya chini. Uholanzi ikafuata Januari 2024 kwa vipindi vya darasani, na Brazil Januari 2025, Rais Lula aliposaini sheria ya nchi nzima. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilizipa serikali nyingi msukumo. Kila habari ya namna hiyo ikitoka, kundi la WhatsApp la wazazi na walimu linachangamka: “Mnaona? Hata Wazungu wamegutuka.” Sawa, wamegutuka. Lakini mtoto wa Ufaransa akitoka shuleni saa kumi jioni anarudi kwenye simu yake, na usiku anakula na mama yake. Mwanafunzi wetu wa bweni akiingia getini Januari, wengi wao hawatoki mpaka likizo. Kule wanamnyima simu kwa saa saba. Huku tunamnyima kwa miezi mitatu, pamoja na sauti ya nyumbani kwao.

Tofauti hiyo inageuza hoja za pande zote mbili, na ndiyo maana inafaa kuzipitia taratibu.

Tuanze na wanaotaka marufuku. Hoja yao yenye nguvu ni ya umakini. Katika PISA ya 2022, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, asilimia 65 ya wanafunzi wa miaka 15 katika nchi za OECD, umoja wa nchi nyingi tajiri, walisema vifaa vya kidijitali huwavuruga katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati. Watafiti wa uchumi Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza shule 91 katika miji minne ya Uingereza, wakaona kwamba baada ya simu kuzuiwa alama zilipanda, na waliopanda hasa ni wale waliokuwa nyuma. Wenye uwezo mkubwa hawakubadilika. Mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya darasa lenye watoto 80 atakwambia kwa nini: yule wa mbele hata ukimwekea luninga anasoma, wa nyuma anahitaji kila dakika ya macho yako. Ukiruhusu simu, umemnyang'anya wa nyuma kile kidogo alichokuwa akipata. Kwangu mimi hoja hii peke yake inatosha kuondoa simu darasani.

Wapinzani nao wana yao. Utafiti wa Sweden uliofuata nyayo za ule wa Uingereza haukuona mabadiliko ya alama. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilinganisha shule 30 zenye wanafunzi 1,227, nyingine zinazoruhusu simu na nyingine zinazokataza, wakakuta afya ya akili ya watoto haitofautiani. Sababu mojawapo: waliokatazwa shuleni, muda wao wa jumla kwenye simu kwa siku haukupungua kiasi cha kuonekana. Walichokosa mchana walikilipiza jioni.

Angalia hapo. Wanaopinga marufuku kwetu wananukuu utafiti huu kana kwamba ulifanyika Iringa. Bwenini hakuna jioni ya kulipiza. Marufuku ikishika, muda wa simu unakuwa sifuri kweli, kwa hiyo kutofanya kazi kwake Uingereza hakusemi lolote kuhusu Iringa. Na wanaoiunga mkono nao wananukuu umakini wa darasani, wakati simu tulizozikamata sisi hazikuwahi kuingia darasani. Zilikuwa za saa sita usiku, chini ya blanketi.

Na saa sita usiku mtoto anafanya nini? Wapo watakaokwambia anapitia mitihani iliyopita. Nilizipekua zile ambazo hazikuwa na nywila, na siwezi kuwadanganya: mikeka ya kubetia mpira, video, picha, na jumbe ndefu za mapenzi zenye makosa ya tahajia ambayo kama mwalimu wa lugha yaliniuma kuliko maudhui. Wawili kati ya wenye simu nilizozifungua walikuwa na maswali ya fizikia. Wawili si sifuri, lakini wengine hawakuwa na kitabu humo.

Hata hivyo hao wawili wananisumbua. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ghafla simu ikawa darasa. Wazazi waliombwa wawape watoto simu wasome, masomo yakarushwa redioni na kwenye luninga, mitihani ya majaribio ikapita WhatsApp. Mwishoni mwa Juni wanafunzi wakarudi, na kifaa kilekile kikawa tena haramu, bila mtu kueleza kilichobadilika. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Mtoto wa kutwa pale Sinza, Dar es Salaam, anaazima simu ya mama yake jioni na kuvifungua. Wa bweni anagombania nakala moja na wenzake, jalada halipo na sura ya tatu imechanwa. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyohesabia watu viligawiwa kwa walimu. Ni hatua nzuri, ila kishikwambi cha mwalimu hakimsomeshi mtoto saa ya prepu, na chumba cha kompyuta katika shule nyingi kina kufuli lenye vumbi kuliko kompyuta zenyewe.

Suala la mitihani nitalipitia haraka kwa sababu halina ubishi: simu isikaribie chumba cha mtihani. Kenya ililijua hilo kwa gharama. Matokeo ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ya 2015 ya watahiniwa 5,101 yalifutwa baada ya karatasi kuzagaa, nyingi kupitia WhatsApp, na Machi 2016 waziri wa elimu, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Naomba tu ikumbukwe kwamba karatasi haipigwi picha na mtoto aliye bwenini. Inapigwa na mtu mzima mwenye ufunguo.

Kinachonikera zaidi ni namna marufuku inavyotekelezwa. Kitu kikishakuwa haramu kabisa, kinapata soko. Kwetu mpishi mmoja alikuwa anachaji simu za wanafunzi kwa shilingi 500, anazipokea dirishani pamoja na sahani chafu. Vocha ya 1,000 iliuzwa 1,500. Binti mmoja alikutwa na simu nzuri kuliko yangu, na ilichukua wiki mbili mpaka matroni akajua imetoka kwa mwanamume mwenye duka la vipuri mjini. Hapo pande zote mbili zitasema “si mnaona?”. Wa marufuku watasema simu ndiyo chambo. Ni kweli. Lakini chambo kilifanya kazi kwa sababu yule binti alitaka kuongea na dada yake, na hapakuwa na njia nyingine. Na alipoanza kumuogopa yule mtu hakuweza kusema, maana kusema kungeanzia na kukiri kuwa ana simu, na kuwa na simu kwetu ilikuwa kusimamishwa masomo.

Adhabu nazo zimepanda ngazi. Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko wanafunzi 14 wa Sekondari ya Kiwanja wilayani Chunya, mbele ya kamera. Walituhumiwa kukutwa na simu na kuhusika na kuchomwa kwa mabweni. Rais Magufuli alimpongeza hadharani, akisema viboko vyenyewe vilikuwa vichache. Nchi iligawanyika katika kubishana kuhusu viboko. Swali la jinsi shule inavyofika mahali simu na moto vinatajwa katika sentensi moja halikupata nafasi. Kuchoma bweni ni jinai na sina huruma nayo. Ila mwalimu yeyote wa bweni anajua kwamba shule haianzi kunuka moshi siku ya moto. Inaanza pale watoto wanapoona hakuna mtu mzima wa kumwambia jambo.

Hapa ndipo ninapofikiria bango la namba 116. Ni namba ya kusaidia watoto, inapigwa bure Tanzania, na Kenya vilevile. Sisi tulilibandika ukutani mwa bwalo, chapa kubwa: ukiteswa, ukinyanyaswa, piga. Wanafunzi 600 walilisoma kila siku wakisubiri ugali. Simu pekee walizoruhusiwa kuzigusa zilikuwa ya matroni na ya mwalimu wa zamu. Sasa mtoto mwenye shida na mwalimu wa zamu apige kwa simu ya nani?

Wapo wanaosema basi turuhusu kitochi, simu ya vitufe isiyo na intaneti. Nimeipima hoja hii na sikuikubali. Kitochi kinaibwa, kinaazimwa kwa malipo, kinabeba pesa na mtu anaweza kubetia kwa ujumbe mfupi tu. Tena mtoto wa mwenye uwezo atakuwa na vocha kila wiki, na wa mkulima atakuwa na simu isiyo na salio, ambayo ni aibu kuliko kukosa simu.

Ninachokitetea ni simu za shule. Tuchukue shule ya wanafunzi 600. Kila mmoja apewe dakika tano kila baada ya wiki mbili: hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50. Ukiwa na simu nne, kila moja inafanya kazi saa 12 na nusu, na ukizigawa kwenye Jumamosi mbili na Jumapili mbili ni saa tatu na kidogo kwa siku. Mzazi analipia salio kwenye michango kama anavyolipia mlinzi. Ziwekwe mahali mwalimu anamwona anayepiga lakini hasikii anachosema, na 116 ipigwe siku yoyote bila kuomba ruhusa wala kuandika jina. Baada ya hapo, simu ya binafsi ikikamatwa, ifungwe kwenye bahasha, iandikwe jina, mzazi aifuate mwisho wa muhula.

Wenzangu wa zamani nimewaeleza na hawakuyapokea yote. Mmoja aliniambia kwamba ukirudisha simu, muhula ujao inarudi ndani ya mkate mwingine, na nyundo angalau inamaliza. Ana hoja, tulikuwa tunakamata simu zilezile mara mbili, tatu. Mwingine akauliza nani atasimamia foleni ya watoto 150 Jumamosi, siku pekee ya mwalimu kufua nguo zake. Hilo sikuwa na jibu zuri, zaidi ya kusema kwamba walimu wanne walikuwa wanapatikana saa tano usiku kwa ajili ya msako.

Yule kijana wa kidato cha tatu, mama yake alikuja wiki iliyofuata kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani amekuja kulalamikia simu. Hakuilalamikia. Alimsema mwanawe pale pale ofisini mpaka mwalimu wa nidhamu akaona haya. Kisha akafungua pochi, akatoa kitambulisho chake. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kidole chake yeye, na fedha za kikundi chao cha kuweka na kukopa zilikuwa humo. Kijana aliichukua likizo bila kuaga. “Simu vunjeni,” alisema. “Lakini alipoomba laini, hakuna aliyemuuliza ni ya nani?”