Pesa ya kutafiti sigara itoke wapi?

Huku Nairobi kila mwaka naona vijana wanamaliza masters ya afya ya jamii ama uchumi wakiwa na moto kabisa wa kuchunguza mambo ya tumbaku, ushuru wa sigara, shisha, hivi vipakiti vya nikotini vya kuweka ndani ya mdomo, halafu ukikutana nao miaka miwili baadaye wengi wamehamia malaria ama ukimwi, juu huko ndiko kuna mshahara. Siwalaumu, kodi ya nyumba haingoji.

Pesa nyingi ya kazi hii imekuwa ikitoka nje. 2008 mabilionea wa Marekani Bloomberg na Gates waliahidi pamoja dola milioni 500 kupigana na tumbaku duniani, na Chuo Kikuu cha Cape Town kuna kitengo kizima kinachofunza wachumi wa Afrika mambo ya ushuru wa sigara. Imesaidia sana, hilo lazima tukubali. Bila takwimu kama zile za 2014, zilizoonyesha watu wazima 11.6% hapa Kenya wanatumia tumbaku, ungeenda bungeni kuongea nini? Lakini mpewa hachagui. Tangazo la ruzuku likitoka, swali limeshaamuliwa, mara nyingi ni ushuru ama picha za onyo kwa paketi, na kijana wa Kuria, kule Migori, ambaye kwao wamelima tumbaku tangu babu, anayetaka kuuliza vile deni la mbolea linamfunga mkulima, inabidi apinde swali lake mpaka lifanane na la mfadhili. Na mfadhili akitoka je? 2025 tuliona Marekani ikifunga USAID, shirika lake la misaada, na watu wakaambiwa waende nyumbani.

Kuna wenzangu wanasema basi pesa ni pesa, hata ya kampuni za sigara, bora data iwe safi. 2017 kampuni ya sigara ya Philip Morris International iliahidi karibu dola milioni 80 kila mwaka kwa miaka 12 kwa wakfu ulioitwa Foundation for a Smoke-Free World (2024 wakabadilisha jina) na WHO ikaambia serikali zikae mbali. Naelewa njaa, mkono mtupu haulambwi, lakini hapo nakataa kabisa. BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, tangu 2013 haichapishi utafiti uliolipiwa na kampuni za tumbaku, kwa hivyo kijana akichukua hiyo pesa anajifungia milango mapema, na zaidi ya hayo ni nani Migori atamwamini tena?

Sasa, nyumbani tuko na sheria tayari. Sheria ya 2007 iliunda mfuko wa kudhibiti tumbaku na utafiti ni moja ya kazi zake, kisha kanuni za 2014 zikasema kampuni zilipe 2% ya thamani ya bidhaa wanazotengeneza ama kuingiza nchini. BAT, kampuni ya sigara, walipinga mpaka Mahakama ya Juu, wakashindwa Novemba 2019. Mtu atauliza, si hiyo ni pesa ya kampuni ileile? Hapana, hii inatozwa kwa lazima, kampuni haichagui mtafiti wala swali. Pingamizi lenye uzito kwangu ni lingine: sigara zikiuzwa kidogo mfuko unakonda, alafu wizara ikishika pesa inaweza kuficha matokeo isiyoyapenda. Hiyo hofu ni ya kweli, na ndio maana nataka maombi yapimwe na watafiti wenyewe, labda kupitia Mfuko wa Taifa wa Utafiti, si na afisa mmoja kwa ofisi.

Mwaka jana nilizunguka mtaa wa Kawangware na mwanafunzi mmoja anayehesabu vioski vinavyouza sigara moja moja, na sheria inasema paketi isipungue sigara 10. Kioski cha nane kilikuwa hatua chache kutoka geti ya shule, sigara ziko kwa mkebe kando ya peremende, laita imefungwa na kamba dirishani, na mtoto wa sare amesimama hapo anangoja chenji. Swali la mwanafunzi niliyezunguka naye halikutoshea tangazo lolote la mfadhili, kwa hivyo nauli ya matatu alikuwa anatoa mfukoni, na ilipoisha akaacha kuhesabu akaenda kufanya intavyu za mradi wa malaria. Akipata skolashipu ya mwaka mmoja tu kutoka kwa hiyo 2%, eneo zima analimaliza.