Juni Svalbard: mita 500 zinazolaumiwa bure

Kila anayeuliza lini aende Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo mbali kaskazini ndani ya Aktiki, hupewa jibu lilelile: Juni achana nayo, ngoja Julai ikolee au uende Agosti. Wanaosema hivyo wana hoja. Kufikia katikati ya Mei msimu wa pikipiki za theluji huwa umekwisha. Juni inapoingia, mabonde yanayozunguka mji wa Longyearbyen yana theluji iliyolegea, mguu unazama, na vijito vya maji ya kuyeyuka vinafurika na kukata njia. Upande wa kaskazini na mashariki, hasa kwenye kisiwa cha Nordaustlandet, barafu ya bahari mara nyingi bado imefunga, na meli iliyopanga kuvizunguka visiwa vyote inaweza kulazimika kurudi. Wastani wa joto la mwezi huo ni nyuzi tatu au nne tu.

Hayo nayakubali. Nisilolikubali ni hoja iliyoongezwa tangu 1 Januari 2025, Norwei ilipoanza kutumia kanuni mpya za kulinda mazingira ya visiwa hivyo. Kanuni hizo zinamtaka kila mtu akae umbali wa mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu mweupe. Lakini kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni umbali huo ni mita 500. Basi wengine wanapiga hesabu: ukienda tarehe 25 Juni unamwona dubu kama nukta, ukisubiri juma moja unasogea mita 200 karibu zaidi, kwa nini usisubiri?

Hesabu hiyo inamsahau dubu mwenyewe. Dubu jike huzaa pangoni katikati ya majira ya baridi na kutoka na watoto mnamo Machi au Aprili, akiwa hajala kwa miezi kadhaa. Wakati huohuo sili nao wanazaa juu ya barafu iliyoshikamana na nchi kavu, na watoto wao wana mafuta tele. Akiba kubwa ya mafuta itakayomvusha dubu mwaka mzima anaikusanya kati ya Aprili na mwanzo wa Julai, kwa sababu barafu ikishavunjika sili hakamatiki kirahisi. Na uwindaji wake ni wa subira: anajilaza kando ya tundu ambalo sili hupandia kuvuta pumzi, anangoja, pengine saa nzima, pengine zaidi. Boti moja ikikaribia akanyanyuka na kuondoka, kungoja kwake kote kumepotea. Jike anayenyonyesha watoto wawili akivurugwa hivyo mara kwa mara, hasara inawafikia hao wadogo kupitia maziwa.

Tena muda wenyewe wa kuwinda unafupika. Svalbard ni miongoni mwa sehemu zinazopata joto kwa kasi kubwa kuliko karibu kwingine kote duniani. Tarehe 25 Julai 2020 uwanja wa ndege wa Longyearbyen ulipima nyuzi 21.7. Kwenye hori za magharibi barafu ya kuaminika imekuwa haba, na baadhi ya dubu sasa huonekana mapema kiangazi wakivamia viota na kula mayai ya bata bukini, chakula kisichofikia sili hata kidogo. Dubu wanaokaa Svalbard mwaka mzima wanakadiriwa kuwa kama 300 tu. Kwa idadi hiyo, kila jike anayefaulu kulea ni jambo kubwa.

Waendeshaji wa safari walipinga kanuni hizi, na hoja yao moja inastahili kusikilizwa: mtu aliyemwona dubu kwa karibu hurudi kwao akiwa mtetezi wa Aktiki. Huenda. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tumeshaona magari yanavyosongamana kwenye vivuko vya Mto Mara, nyumbu wakishindwa kupita, na wote waliomo magarini wanasema wanapenda wanyama. Mapenzi ya mtazamaji hayampunguzii mnyama usumbufu. Darubini nzuri inafanya kazi kwa mita 500, na dubu unayemtazama kwa umbali huo bado anaendelea na shughuli yake. Huyo ndiye dubu wa kusafiria.

Na Juni ina mengine mengi. Ndege wamerudi: alke wadogo kwa maelfu kwenye miamba, bata bukini mabondeni, na buabua wa Aktiki, anayesafiri kila mwaka kutoka bahari za kusini kabisa mwa dunia na anayemdonoa kichwani yeyote anayesogelea kiota chake. Visiwa vidogo vilivyotengwa kwa ajili ya ndege hufungwa kwa wageni kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo hata Julai huvikanyagi. Milima bado ni myeupe, na barafu ya bahari, ambayo ndiyo Aktiki yenyewe, bado ipo karibu.

Waislamu huuliza kuhusu sala, kwa kuwa jua halitui tangu karibu 20 Aprili hadi wiki ya tatu ya Agosti. Swali ni la haki, ila halihusu Juni peke yake. Julai iko vivyo hivyo. Wanachuoni wengi hutegemea hadithi ya Dajjal, pale Mtume alipoulizwa kuhusu siku iliyo kama mwaka akaagiza watu wakadirie nyakati. Wengine hufuata mji wa karibu ambako jua linatua, wengine saa za Makka. Muulize shehe wako kabla ya kuondoka.

Viza nayo inahitaji umakini. Svalbard yenyewe haidai viza, jambo linalotokana na mkataba wa 1920, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Norwei bara ikiwemo, na ndege za abiria zinapitia huko Norwei bara. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda akichukua viza ya kuingia mara moja, ataitumia Oslo akienda, na akirudi kutoka Longyearbyen hana ruhusa ya kuingia tena. Omba ya kuingia mara mbili au zaidi, na uombe mapema, kwa kuwa safari ya Juni haikuachii nafasi ya kuchelewa.

Anayetaka kupanda milima kwa miguu siku nyingi, au kuvizunguka visiwa vyote kwa meli, angoje Agosti, na hapo washauri wake wako sahihi. Lakini anayeahirisha kwa ajili ya zile mita 200 hana sababu. Akate tiketi ya Juni.