Waliotukaribisha Hawakuwa Wanyenyekevu, Walikuwa na Adabu

Juma lililopita nilisikiliza hotuba ya kijana mmoja Mmarekani aliyewahi kuhudumu katika ukanda wetu huu kama mmisionari wa kanisa letu, lile ambalo wengi huliita la Wamormoni, na ambaye sasa amerudi kwao, ameoa na anasoma chuo kikuu. Alizungumza kwa upendo, hilo sitamnyima, na sauti ilimkatika alipowakumbuka watu aliowaacha huku. Lakini alipofika kwenye ile kauli ambayo nimekwisha kuisikia vinywani mwa wengi, kwamba Waafrika ni wanyenyekevu mno, hawamfungii mtu mlango, na kwa hiyo injili huku hupokelewa bila shida, nilizima simu nikaenda kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu.

Wanyenyekevu! Anayeamini kwamba watu wa Dar es Salaam hawajui kukataa hajawahi kuomba apunguziwe bei ya kitenge Kariakoo, wala hajawahi kudai chenji yake kwa kondakta wa daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Watu hawa wanajua kukataa kuliko Wazungu wote wa majimbo ya Utah na Idaho kule Marekani wakiwekwa pamoja. Wanachokijua zaidi ni kwamba mgeni hakataliwi akiwa amesimama mlangoni, juani, na hasa akiwa mtoto wa mtu.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Eastlands, na nilihudumu Dar es Salaam kwa miezi 18 ambayo dada wamisionari hupewa, sita pungufu ya ile ya vijana wa kiume. Waliowahi kuvaa ile beji nyeusi wanaijua ratiba bila kukumbushwa: kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi, maandiko, kutoka saa nne, kurudi saa tatu usiku, Jumatatu kufua na kwenda sokoni, na wakati wote huo kuwa na mwenza ambaye hukumchagua na ambaye huruhusiwi kumpoteza machoni. Mtaani walituita Wamormoni. Najua kwamba mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa letu, alituomba tuliache jina hilo, lakini sijawahi kumpata muuza nyanya mwenye nafasi ya kutamka Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huku akihesabu mafungu.

Kwetu Nairobi mtu asiyekutaka atakwambia ana haraka, naye atapita. Dar es Salaam ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa nikikataliwa kila siku, kwa ustaarabu wa hali ya juu kiasi kwamba nilitoka nyumbani mwa watu nikiwa nimeshiba. Ukisema shikamoo, unajibiwa marahaba na kukaribishwa ndani. Mkeka unatandikwa, au kiti cha plastiki kinapanguswa kwa upindo wa kanga. Unaulizwa habari za nyumbani, za safari, za wazazi. Kisha unaletewa chai.

Hapo ndipo adhabu ya mwenyeji ilipoanzia. Sisi, kwa ajili ya Neno la Hekima, ambalo ni ufunuo wa mwaka 1833 kuhusu vyakula na vinywaji, hatunywi chai wala kahawa, na kwa hiyo ilibidi tueleze, kwa maneno mazuri kadiri tulivyoweza, kwamba kikombe kile kilichokwisha kumiminwa hatutakigusa. Hakuna mama hata mmoja aliyekasirika. Alichofanya kila mmoja wao ni kumwita mtoto, kufungua pindo la kanga mlimokuwa na fedha, na kumtuma dukani akalete soda mbili baridi. Soda hatukukatazwa. Basi kwa kukataa kitu ambacho kilikuwa tayari jikoni, tulimfanya mwenyeji atoe fedha ambazo pengine zilikuwa za dagaa wa jioni, naye akakaa akitutazama tukinywa huku yeye mwenyewe akimalizia chai yetu ili isipotee. Tulipotoka, mwenzangu, binti mwema wa Idaho ambaye sina ubaya naye hata kidogo, alifungua simu na kuandika kwamba familia ile ilikuwa na kiu ya injili.

Nilimwambia kwamba hawakuwa na kiu. Waliokuwa na kiu ni sisi. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na imani.

Mwanamke mmoja wa Ukonga, ambaye alijipatia riziki kwa kuuza chai na maandazi tangu alfajiri, alitusikiliza majuma mengi. Alisikiliza habari za Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alisoma aya tulizompa katika Kitabu cha Mormoni, andiko letu pamoja na Biblia, aliinamisha kichwa tulipoomba, na tulipomfundisha kwamba chai aliyokuwa akiipika kila siku hatakiwi kuinywa tena, alitabasamu na kusema sawa wanangu. Alipoulizwa kama angekubali kubatizwa, alijibu Mungu akijalia. Kwa mzaliwa wa pwani hii jibu hilo lina milango mingi ya kutokea. Kwa mwenzangu lilikuwa tarehe ya ubatizo. Mama yule alibatizwa kweli, alivaa lile vazi jeupe, alipigwa picha, alikuja kanisani Jumapili chache, kisha akawa kila tunapopita amesafiri, anaumwa au amelala.

Baadaye nilimkuta peke yake gengeni, mwenzangu akiwa hatua chache nyuma akichagua mapapai, nami nikamwuliza, kama binti anavyomwuliza mama, kama tulimkosea. Alicheka. Aliniambia: "Mwanangu, mlikuwa mnatembea juani, watoto wa watu, mama zenu wako mbali. Yule mweupe alikuwa anaungua uso. Sasa ningewaambiaje msije? Nikaona kama ni maji tu, acha niingie, roho yenu itulie."

Sijawahi kusikia tendo la huruma kubwa kuliko hilo, na ndilo tendo ambalo katika hotuba ya juma lililopita lingehesabiwa kuwa unyenyekevu wa Mwafrika mbele ya ukweli. Mama yule hakuwa ameongoka, alikuwa akilea. Wanawake wa uswahilini walitutazama sisi wasichana tusio na wazazi karibu, wakaamua wenyewe, bila kushauriana, kwamba hatutalala njaa. Walituuliza kama mama zetu wanajua tulipo, na kama tunaruhusiwa kuwapigia. Niliweza kuwajibu kwamba tunazungumza nao kila juma, kwa kuwa kanuni ilibadilishwa Februari 2019. Waliohudumu kabla yetu walipiga simu nyumbani Krismasi na Siku ya Mama basi, na sijui wangemweleza nini mama wa Kizaramo akawaelewa.

Kuna mzee mmoja Mwislamu kule Temeke aliyetuweka kivulini, akatusimulia habari za Nabii Isa kwa heshima iliyonifanya nione aibu ya kusema lolote, akatupa madafu na kutuombea safari njema. Je, naye alikuwa mnyenyekevu anayengoja kuvunwa? Nadhani yeye ndiye aliyekuwa akituhubiri.

Nakubali, bila furaha, kwamba wageni hawa wana mengi ya kusifiwa. Wengi wao wanajifunza Kiswahili kwa bidii inayowaaibisha baadhi ya rafiki zangu wa Nairobi, wanafua kwa mikono, na familia zao kule Marekani huchangia fedha kila mwezi ili mtoto wao aje kuungua uso Ukonga. Nakubali pia kwamba kitabu chetu cha kufundishia, Hubiri Injili Yangu, hasa toleo la 2023, kinataka mtu awe amehudhuria mkutano wa sakramenti, yaani ibada ya Jumapili, kabla ya kubatizwa, na kwamba anayekisoma kwa makini hapati humo ruhusa ya kumharakisha mtu. Tatizo ni kijana wa miaka 19 mwenye simu ya kujaza takwimu mkononi na majuma sita kabla ya uhamisho. Wala si tatizo la Afrika peke yake, maana Uingereza, kuelekea na mwanzoni mwa miaka ya 1960, wamisionari waliwabatiza vijana wengi waliokuwa wamekuja kucheza besiboli, na wengi wa vijana hao hawakuonekana tena kanisani mchezo ulipokwisha. Tofauti ni kwamba sijasikia mtu akisimama mimbarini kusema Waingereza ni wanyenyekevu.

Na kama tunataka kuwataja Waafrika walioitaka imani hii, basi tuwataje wale walioitaka hasa. Kule Ghana, Joseph William Billy Johnson alikipata Kitabu cha Mormoni mwaka 1964 na kuanzisha makutaniko yeye mwenyewe, miaka mingi kabla ya kanisa kumtumia mmisionari hata mmoja. Kule Nigeria, Anthony Obinna aliandika barua Salt Lake City, makao makuu ya kanisa, akiomba watu waje. Walingojeshwa, na sababu tunaijua: hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani, yaani mamlaka ya kubatiza na kuongoza kutaniko. Wote wawili walibatizwa kabla ya mwaka huo kwisha. Huko hakuna unyenyekevu wa kupokea kila kinachobishwa mlangoni. Kuna watu waliobisha mlango wa wengine kwa miaka, ukiwa umefungwa, na hawakuondoka. Ningependa kijana yule wa hotuba aieleze hadithi hiyo mara moja bila kulia.

Ombi langu kwa wanaoandaa wamisionari ni dogo. Kila mgeni anapopangwa na mwenza wa Kiafrika, huyo mwenza aachiwe neno la mwisho kuhusu nani aliyetukubali na nani aliyetustahi, kwa sababu yeye amelelewa na mama wa namna hiyo na anamsoma kabla hajafungua kinywa. Aliyesema Mungu akijalia asiandikwe kuwa na tarehe. Aandikwe yule anayeuliza ashuke kituo gani Jumapili, ibada inaanza saa ngapi, na kama aje na watoto.

Na kuhusu ile soda: mwenyeji akikuna kichwa baada ya kusikia hamnywi chai, mwambieni mapema, kabla mtoto hajaitwa, kwamba maji ya moto yenye mchaichai au tangawizi mnakunywa. Vinaruhusiwa, na mara nyingi mchaichai umeota pale pale nyuma ya nyumba. Mkirudi mara ya pili, nendeni na kilo ya sukari.