Kusudi la maisha tunalitafuta wapi, na nani kasema litatuletea furaha?

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, bila shaka na wewe ulishatumiwa na shangazi yako: motivesheni spika kavaa suti imembana, anasema watu wengi Afrika hawana furaha kwa sababu hawajagundua kusudi lao, wanaamka wanauza chapati, wanalala, kesho tena chapati. Ukumbi mzima makofi. Mi nilikereka kidogo, si kwamba jamaa kakosea kila kitu, ila chapati ninazokula kila asubuhi hapa Mbagala zinapikwa na mama ambaye ukimuuliza anaamkia nini saa kumi usiku anakujibu hata hafikirii: mmoja yuko form four, mwingine chuo cha ualimu, wa mwisho macho yanamsumbua na miwani kila mwaka inabadilishwa. Huyo ndo hana kusudi?

Nianze na haki yake jamaa. Upo ushahidi mzito kabisa kwamba mtu mwenye kitu cha kuamkia anaishi tofauti na asiye nacho, na mfano ninaoupenda ni wa Japani, eneo la Ohsaki, ambako watafiti waliwafuatilia watu wazima 43,391 kwa miaka 7 na matokeo yakatoka 2008. Swali lilikuwa fupi, una ikigai au huna, yaani unacho kile kinachokufanya uone kuishi kuna sababu? Waliosema hawana walikufa kwa wingi zaidi, hata baada ya kuweka kando umri, sigara, pombe na magonjwa waliyokuwa nayo tayari, na vifo vilivyoongezeka vilikuwa vya moyo na mishipa ya damu pamoja na vile visivyotokana na ugonjwa kama ajali na kujiua, kwenye saratani tofauti haikuonekana. Kwa hiyo hii habari si maneno ya jukwaani tu. Na kijana aliyesoma miaka 16, kapata ajira, afu kila Jumatatu anaingia ofisini kama anapelekwa mahabusu, huyo akisema anatafuta kitu zaidi ya mshahara mi siwezi kumcheka, maana mshahara ukiingia unachangamka siku tatu halafu Jumapili jioni tumbo linaanza tena kukukata.

Ila sasa. Ule mchoro wa duara nne ambao hawa wahamasishaji wanaubandika kila mahali, unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji na unacholipwa, pale katikati zinapokutana wanaandika ikigai, ule mchoro haukutoka Japani. Ulikuwa mchoro wa kusudi wa mnajimu mmoja wa Hispania (ndiyo, mnajimu, yule wa nyota), na mwaka 2014 mzungu mwingine akafuta neno la katikati akaweka ikigai, ukasambaa dunia nzima. Kwa Mjapani wa kawaida ikigai inaweza kuwa wajukuu, inaweza kuwa bustani, au kikombe cha chai na jirani, na wala haina sharti la kulipwa. Sasa ukirudi kwa wale 43,391, hakuna aliyeulizwa kama ana biashara inayoendana na kipaji chake. Ushahidi ambao jamaa wa suti anautegemea unamtetea mama wa chapati, wala hajui.

Na hili neno lenyewe, kusudi. Bibi yangu akisema "amefanya kusudi" alimaanisha mtu kamwaga maji mlangoni kwa ubaya. "Kusudi la maisha" naona limetujia zaidi kwa mimbari na semina, na si vibaya, lugha inakua, ila tumelipokea na tabia zake zote, kwamba ni kitu kimoja, kikubwa, cha kwako peke yako, kimejificha ndani yako na usipokifukua umepoteza maisha. Wazee wetu walikuwa na swali jingine la kumpima mtu, walikuuliza una nani. Una watu gani nyuma yako, nani akiamka anakutegemea wewe.

Sasa tuje kwenye furaha, maana hapo ndo panapochanganya zaidi. Mwaka 2018 ile ripoti ya furaha duniani ilituweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156, tuna 3.303 wakati Finland walioongoza wana 7.632, tuko chini ya Syria na Yemen ambazo zilikuwa vitani. Wengi tulibisha, tukasema sisi hawa hawa wa harusi kila wiki? Lakini ukisoma swali lenyewe wanachouliza si kama unacheka. Wanakuambia fikiria ngazi, chini kabisa 0 juu kabisa 10, juu ni maisha mazuri kuliko yote yanayowezekana kwako, wewe umesimama wapi. Mtu wa Tandahimba anayesubiri bei ya korosho, au wa Mbagala anayeruka maji ya mtaro kila mvua ikinyesha, akijiweka ngazi ya 3 hajakosea hata kidogo, amesema ukweli wake kuhusu barabara, hospitali na mfuko.

Lakini watu hao hao, au wenzao wa nchi maskini kama zetu, ukiwauliza swali la pili mambo yanageuka. Shigehiro Oishi na Ed Diener, maprofesa wa saikolojia kule Marekani, walichukua majibu ya Gallup, kampuni ya kura za maoni, ya mwaka 2007, watu zaidi ya 140,000 kwenye nchi 132, wakatazama waliosema maisha yao yana kusudi au maana kubwa, na utafiti ukachapishwa 2014. Kwenye kuridhika na maisha matajiri wako juu, kama ilivyotarajiwa. Kwenye kuona maisha yana maana, maskini ndo wako juu. Yaani mstari umepinduka. Mi hii kitu nimekaa nayo muda mrefu, nimeisoma, nimeiacha, nimeirudia, kwa sababu kama ni kweli basi sentensi ya yule jamaa, hawana furaha KWA SABABU hawana kusudi, imevunjika katikati: ngazi inaweza kuwa chini na kusudi likawepo tele.

Na nilijaribu kuivunja hiyo takwimu mwenyewe, maana inanipendeza mno na kitu kikikupendeza hivyo ukishike shati. La kwanza, swali lilikuwa la ndiyo au hapana. Kwenye jamii ambayo mtu akipona malaria anasema Mungu ana makusudi na mimi, nani atamjibu mgeni mwenye kishikwambi kwamba maisha yake hayana maana, si ni kama kukufuru? Watafiti wenyewe wanasema dini ndo inaeleza sehemu kubwa ya tofauti, hata ukiondoa elimu na idadi ya watoto. Sasa hapo utachagua mwenyewe, unaweza kusema basi ni dini tu inajibu, au ukasema ndo hivyo hasa, dini inampa mtu nafasi kwenye stori kubwa kuliko yeye, na nafasi hiyo anaiishi kweli kuanzia alfajiri. Mi nipo kwenye la pili.

Pingamizi langu la pili ni gumu zaidi. Watafiti hao walionyesha pia kwamba nchi ambazo watu wengi wanaona maisha yana maana, watu wanajiua kidogo. Nzuri kusikia, lakini sisi tunaoishi huku tunajua hizo namba zinavyopatikana. Kwetu Tanzania kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Kenya nao walikuwa na kifungu chao cha 226 mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kinyume na katiba Januari 2025. Ukiongeza aibu ya ukoo na hofu kwamba mazishi hayatasomewa, familia itasema alianguka, alikunywa dawa ya mbu kwa bahati mbaya, tumbo lilimuuma ghafla. Kwa hiyo hicho kipande cha utafiti mi nakiweka pembeni kabisa, sikitumii. Lile la maskini kuona maisha yana maana halitegemei rekodi za vifo, na hilo naona linasimama.

Na kuna hatari, nikiri, mtu wa serikali anaweza kuichukua hii hoja akakuambia umeona, wananchi wana maana ya maisha, maji ya bomba ya nini. Huyo amkatae mtu yeyote mwenye akili. Ngazi ya 3 ni ngazi ya 3, inatakiwa ipande, na mama wa chapati anataka ipande kuliko sisi wote.

Kilichonifungua macho ni kitu kingine, utafiti mdogo tu wa 2013 wa mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake, watu wazima 397 wa Marekani. Walipima furaha na maana kwa pamoja ili waone zinaachana wapi, maana mara nyingi zinaongozana. Afya na pesa ya kutosha vinaongeza furaha, kwenye maana havigusi sana. Kutoa kunaendana na maana, kupokea kunaendana na furaha. Na wenye mawazo mengi na stresi walikuwa na maana zaidi na furaha pungufu. Soma tena hiyo ya mwisho halafu mfikirie mzazi yeyote unayemjua wiki ya ada. Wasiwasi wake unatokana na watu wale wale wanaomfanya aamke, huwezi kumwondolea wasiwasi ukamwachia watoto. Kwa hiyo unapomwahidi kijana wa miaka 24 kwamba akipata kusudi atakuwa na furaha, unampelekea kitu ambacho mara nyingi kinakuja na usingizi wa masaa matano tu, na akikipata akaona hana furaha atadhani amekosea, ataacha, atatafuta kingine.

Rafiki yangu mmoja aliacha kazi ya kueleweka kabisa baada ya semina ya siku mbili, akasema anakwenda kujitafuta. Miezi minane amejitafuta, bando linaisha, kodi inadaiwa, kila wiki kusudi jipya, mara kilimo cha matikiti, mara podikasti. Sasa hivi yuko Tabora anasimamia duka la baba yake aliyepooza, na ukimpigia hazungumzii kusudi kabisa, anazungumzia bei ya sukari na mazoezi ya mguu wa mzee. Ana furaha? Sidhani. Lakini ile hali ya kuelea imemtoka, unaisikia kwenye sauti. Viktor Frankl, yule daktari wa Vienna aliyepita kwenye kambi za Wanazi, alisimulia wafungwa wawili waliotaka kujiua, na hakuwaambia wajitafute ndani. Aliwaonyesha kilichokuwa kinawasubiri nje: mmoja ana mtoto nchi ya mbali, mwingine ana vitabu vyake vya sayansi hajavimaliza na hakuna wa kumalizia. Waswahili tunasema raha jipe mwenyewe, na ni kweli inawezekana, nenda ufukweni agiza pweza. Sijawahi kusikia mtu akisema kusudi jipe mwenyewe.

Ndo maana nashangaa mjadala wa wastaafu unavyokwenda. Tangu kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, kianze Julai 2022 kikiwa asilimia 33, tumegombana kuhusu mkupuo, ile hela anayolipwa kwa pamoja, na ni haki kugombana, hela ni yao. Ila mwalimu anayetoka akiwa na miaka 60, kwa miaka 35 watoto 80 walikuwa wanasimama anapoingia darasani, kesho yake hakuna anayemsubiri mahali, na hilo halina kikokotoo. Mtaani tunasema fulani kastaafu hajamaliza miaka miwili kafa, tunasingizia mafao. Mi nakumbuka ile Ohsaki, moyo na mishipa ya damu.

Sasa kuna mahali hoja yangu inagoma, na aliyeniwekea ukuta ni dada yangu, nilipokuwa namwelezea haya yote nikiwa nimejaa. Akaniuliza, dada wa kazi je? Anaamka kabla ya wote, mtoto anamlilia yeye, nyumba bila yeye haiendi siku mbili, anatoa tu hapokei, kwa vipimo vyako huyo ana kusudi kuliko mtaa mzima. Au mtoto wa kwanza wa kike aliyeachishwa shule alee wadogo zake. Hao wamekabidhiwa watu wa kubeba kweli kweli. Nikasema labda tofauti ni kama wale unaowabeba ni wako, na kama kuna siku watakujua kwa ulichofanya. Dada akasema hiyo "labda" ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa bila kuulizwa. Nikanyamaza, na mpaka leo sijapata la kumjibu.